Mwenye nyumba asiye na ardhi ni mpangaji

Katika nchi ya Marekani, ambayo mabepari wake hawachoki kuuambia ulimwengu kwamba huko kila mtu anaweza kuwa na mali yake, wako watu wapatao milioni 20 wanaoishi katika nyumba za kuhamishika. Nyumba hizi huundwa kiwandani kama yaundwavyo magari, hujengwa juu ya chesisi ya chuma yenye magurudumu, kisha huvutwa na lori mpaka mahali zitakapokaa. Mnunuzi hukabidhiwa funguo, na tangu siku hiyo hujiita mwenye nyumba. Makala hii inataka kueleza kwa nini mamilioni kati ya watu hao ni wenye nyumba kwa jina tu, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tulio katika nchi ambayo ardhi yake ni mali ya umma.

Tuanze kwa kusema haki. Nyumba hizi si vibanda vya kukejeliwa. Zamani yalikuwa matela ya wasafiri na, wakati wa Vita Kuu ya Pili, malazi ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Lakini mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya viwango vya ujenzi na usalama wa nyumba hizo, na viwango vyenyewe vikaanza kutumika tarehe 15 Juni, 1976. Baada ya kimbunga Andrew kuziparaganya huko Florida mwaka 1992, viwango vya kuhimili upepo viliongezwa mwaka 1994. Leo nyumba ya namna hii ina vyumba vya kulala, jiko, umeme na maji ya moto. Bei yake nayo humvuta mtu wa kipato kidogo. Mwaka 2022 nyumba mpya ya kiwandani iliuzwa kwa wastani wa dola 120,000 na ushei, ambapo nyumba mpya ya kawaida, pamoja na kiwanja chake, iliuzwa kwa zaidi ya mara tatu ya bei hiyo. Mhudumu wa hospitali, mwuza duka, mzee anayeishi kwa pensheni na mhamiaji aliyefika juzi, hao ndio wateja wake.

Kwa hiyo ubaya haumo katika mbao wala mabati. Umo katika swali moja ambalo mwenye kuuza hana haraka ya kulitaja: nyumba hii itakaa juu ya ardhi ya nani?

Gari au nyumba?

Sheria za Marekani, kama za nchi nyingi, huigawa mali katika mafungu mawili: mali isiyohamishika, yaani ardhi na kilichoshikamana nayo; na mali inayohamishika, kama vile gari, jokofu na ng'ombe. Nyumba ya kiwandani inapouzwa peke yake, bila ardhi, majimbo mengi huiandikisha katika fungu la pili. Mwenyewe hupewa hati inayofanana na kadi ya gari, na mara nyingi hati hiyo hutolewa na idara ileile inayoandikisha magari. Ili igeuke kuwa mali isiyohamishika, kwa kawaida sharti ifungwe juu ya msingi wa kudumu, mwenyewe awe na haki juu ya ardhi inapokaa, na ile hati ya kwanza irudishwe serikalini. Asiyekuwa na ardhi, mlango huo kwake umefungwa.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya makaratasi. Sivyo. Kutokana na karatasi hiyo moja, balaa zote nyingine hufuata.

Balaa la kwanza ni mkopo. Benki inayompa mtu mkopo wa rehani huishika ardhi, na ardhi haikimbii wala haichakai. Lakini mkopo wa mali inayohamishika hutolewa kwa riba kubwa zaidi na kwa muda mfupi zaidi. Idara ya serikali ya Marekani inayowalinda watumiaji katika mambo ya fedha ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2014 kwamba katika kila mikopo 100 ya kununulia nyumba za kiwandani, 68 ilihesabiwa kuwa ya gharama ya juu. Kwa nyumba za kawaida ilikuwa 3 tu.

Tufanye hesabu ya mfano ili jambo hili lionekane wazi. Mtu akikopa dola 80,000 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 7, atalipa dola 620 hivi kila mwezi. Mwenzake akikopa kiasi hicho hicho kwa muda huo huo, lakini kwa riba ya asilimia 10, atalipa dola 772. Mpaka deni likwishe, huyu wa pili atakuwa amelipa dola 36,000 zaidi ya mwenzake, yaani karibu nusu ya fedha aliyokopa. Fedha hiyo haikumwongezea chumba wala dirisha. Ni faini ya kukosa ardhi.

Balaa la pili huja anaposhindwa kulipa. Mwenye rehani ya ardhi ana kinga nyingi: notisi, muda wa kujitetea, na katika majimbo mengi amri ya mahakama kabla nyumba haijapigwa mnada. Mwenye mkopo wa mali inayohamishika ana kinga chache. Nyumba yake inaweza kukamatwa kwa taratibu zinazofanana na zile za kukamata gari, na baadhi ya sheria za taifa hilo zinazomlinda mkopaji wa nyumba hazimgusi yeye, kwa sababu mkopo wake haukuishika ardhi. Watoto wanalala humo, sufuria ziko jikoni, lakini mbele ya sheria ile ni tela tu.

Balaa la tatu ni thamani. Katika mali ya nyumba, kinachopanda bei kwa kawaida ni ardhi. Mbao na mabati huchakaa. Aliyeiweka nyumba ya namna hii juu ya kiwanja chake mwenyewe na kuiandikisha pamoja nacho husalimika na mengi ya mabaya haya. Aliyeiweka juu ya kiwanja cha mtu analipa deni la kitu kinachopungua, huku kiwanja kilicho chini ya miguu yake kikimnenepesha mwenzake. Na kama nyumba yenyewe iliundwa kabla ya Juni 1976, mkopo wenye dhamana ya serikali hapati, na kampuni nyingi za bima humkimbia.

Kodi ya kiwanja

Tuje sasa kwenye kiini cha unyonyaji wenyewe. Mamilioni ya watu hawa wameweka nyumba zao katika vitongoji vinavyomilikiwa na mtu mmoja au kampuni moja. Nyumba ni yao, kiwanja si chao, na kila mwezi hukilipia kodi. Mara nyingi mkataba ni wa mwezi hadi mwezi au wa mwaka mmoja, ambapo deni la nyumba ni la miaka 20. Yaani mtu amejifunga kwa benki miaka 20, na mwenye ardhi amejifunga kwake mwaka mmoja.

Hapo ndipo jina la nyumba hizi linapogeuka kuwa kejeli. Nyumba ya kuhamishika haihamishiki. Kuivuta kutoka kitongoji kimoja hadi kingine hugharimu dola 5,000 hadi 10,000 kwa makadirio ya kawaida. Ikiwa kuukuu huenda ikapasuka njiani. Na vitongoji vingi havizipokei nyumba za zamani. Mwenye ardhi analijua hilo. Anapopandisha kodi, mpangaji wa kawaida angeweza kufunga virago na kuhama. Huyu wetu hawezi, kwa sababu virago vyake ni nyumba nzima. Frank Rolfe, ambaye ni mmoja wa wamiliki wakubwa wa vitongoji hivyo huko Marekani, alipata kuifananisha biashara yake na mkahawa ambao wateja wake wamefungwa minyororo kwenye viti. Maneno hayo hayakusemwa na adui wa ubepari. Yalisemwa na bepari mwenyewe.

Turudi kwenye hesabu yetu. Kodi ya kiwanja ikiwa dola 600 kwa mwezi, na isipande hata senti moja, katika miaka 20 mtu atalipa dola 144,000, ambazo ni nyingi kuliko bei ya nyumba mpya tuliyoitaja. Ikipanda asilimia 5 kila mwaka, katika mwaka wa 20 atakuwa analipa zaidi ya dola 1,500 kwa mwezi, na jumla yake itapita dola 238,000. Akishindwa, hufukuzwa kiwanjani. Akifukuzwa na hana fedha za kuivuta nyumba, huiacha hapo. Na nyumba iliyoachwa mara nyingi huishia mikononi mwa mwenye ardhi, ambaye huipangisha kwa mwingine. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Kodi ndiyo fimbo yake.

Haishangazi basi kwamba fedha kubwa zimekimbilia huko. Mwaka 2003 kampuni ya Berkshire Hathaway ya tajiri Warren Buffett iliinunua Clayton Homes, kampuni ambayo huziunda nyumba hizo na pia ina kampuni tanzu zinazowakopesha wanunuzi. Makampuni ya uwekezaji ya Wall Street nayo yamekuwa yakinunua vitongoji. Na mashirika ya Fannie Mae na Freddie Mac, ambayo yamewekwa chini ya usimamizi wa serikali tangu mwaka 2008 na ambayo kazi yake ni kurahisisha mikopo ya nyumba, yamesaidia kugharimia manunuzi ya vitongoji hivyo. Ndivyo ilivyo mirija: mmoja huchukua faida ya kuunda, mwingine faida ya kukopesha, wa tatu faida ya ardhi, na wote watatu hunywa kwenye chungu kimoja, nacho ni mshahara wa mfanyakazi.

Baadhi ya majimbo yameona aibu. New York ilipitisha sheria mwaka 2019 kwamba kodi ya kiwanja, kwa kawaida, isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Lakini majimbo mengi yamemwacha mwenye ardhi apange apendavyo.

Dawa iliyotoka kwa wanyonge

Hata hivyo wapo waliopata njia, nao hawakuipata kwa kungojea huruma ya mwenye ardhi. Mwaka 1984 wakazi wa kitongoji kimoja huko Meredith, katika jimbo la New Hampshire, waliunda ushirika, wakakopa kwa pamoja, wakainunua ardhi waliyokuwa wakiilipia kodi. Tangu hapo kodi imekuwa ikipangwa na wao wenyewe katika mkutano, na fedha yake hurudi kutengeneza mabomba na barabara zao. Jimbo hilo lina sheria inayomtaka mwenye kitongoji awape wakazi notisi ya siku 60 kabla ya kukiuza, ili nao waweze kutoa bei yao. Shirika la ROC USA lilianzishwa mwaka 2008 kueneza mpango huo, na sasa vitongoji zaidi ya 300 vimo mikononi mwa wakazi wake.

Tuseme wazi jambo lililotokea hapo. Watu wa nchi ya kibepari kupita zote, walipobanwa na kodi ya ardhi, walikimbilia ushirika. Hawakusoma Azimio lolote. Walifundishwa na shida.

Ng'ambo yetu

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya ng'ambo ya bahari. Yalikuwapo Ng'ambo yetu wenyewe, upande wa pili wa mji wa Zanzibar. Huko, wakati wa ukoloni, wafanyakazi na wachuuzi walijenga nyumba zao kwa miti na udongo, lakini viwanja vilikuwa vya wenye mali wachache, nao waliokaa walitakiwa kulipa kodi ya kiwanja. Nyumba ilikuwa ya mjenzi, udongo ulikuwa wa tajiri. Kodi zilipopanda, wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa, na mgomo wao wa mwaka 1928 uliutikisa utawala wa kikoloni. Mwisho wa jambo hilo ulikuja na Mapinduzi: mwezi Machi 1964 serikali ya Mzee Karume ilitangaza ardhi yote kuwa ya taifa.

Bara nako palikuwa na ndugu ya dhuluma hiyo. Huko Bukoba mkulima aliweza kupanda migomba na mibuni kwa jasho lake, akazeeka nayo, na bado akatoa sehemu ya mavuno kwa bwana wa ardhi chini ya utaratibu wa nyarubanja. Mashina yalikuwa yake, ardhi haikuwa yake. Sheria ya mwaka 1965 ilianza kuuvunja utaratibu huo na kumpa ardhi yule aliyeitumia.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameliona jambo hili mapema. Katika kijitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu mali ya taifa alionya kwamba tukiiruhusu ardhi iuzwe kama kanzu, itafika siku wachache wenye fedha watakuwa wamiliki na wengine wote watakuwa wapangaji katika nchi yao. Ndiyo maana mwaka 1963, baada ya uhuru, umilikaji wa ardhi wa milele ulifutwa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaendelea kusema kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais.

Wako wenzetu, wengine wasomi wakubwa, wanaoshauri kwamba msimamo huo umepitwa na wakati, na kwamba ardhi iachwe huru sokoni ili uchumi ukue. Tunawaomba waende wakavitazame vitongoji vya Marekani. Huko soko la ardhi ni huru tangu zamani. Matunda yake ni kwamba mfanyakazi wa nchi tajiri kupita zote anaweza kununua kuta na paa, lakini hawezi kununua mahali pa kuzisimamisha. Na wasiotaka kwenda mbali waende Mombasa, waulize maana ya nyumba bila ardhi. Wataonyeshwa huko Majengo na Kisauni nyumba za watu na watoto wao, zilizokaa juu ya viwanja vya wengine.

Tusijisifu mno

Lakini ingekuwa unafiki kumnyoshea kidole Mmarekani na kusahau vidole vinavyotuelekea sisi. Ardhi kuwa ya umma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumhakikishia mwananchi haki yake juu ya kipande anachokalia, na nusu hiyo hatujaimaliza. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wamejenga katika maeneo yasiyopimwa. Wameuziana viwanja kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili, wamepandisha matofali kidogo kidogo kwa miaka kumi, na hawana hati. Wengine wana leseni ya makazi, nayo ni ya muda mfupi.

Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kuanzia Kimara kuelekea nje ya jiji ili barabara ya Morogoro ipanuliwe. Zilikuwa nyumba za matofali na bati imara, na baadhi ya wenyewe walikuwa wameishi humo miaka mingi. Mbele ya sheria zilihesabiwa kuwa zimo katika hifadhi ya barabara. Barabara tunaihitaji, hilo halina ubishi. Lakini funzo ni lile lile la tela la Marekani: pasipo haki inayotambuliwa juu ya ardhi, ukuta wa matofali hauna nguvu kuliko ukuta wa mbao. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na kiwanja cha kuazima hakisitiri familia.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu.

Kwanza, kwa mwananchi. Siku hizi wako wafanyabiashara hapa nchini wanaotangaza nyumba zilizoundwa tayari, nyingine kutokana na makontena. Nyumba hizo si mbaya, na huenda zikatusaidia. Lakini kabla ya kutoa fedha, uliza kwanza habari za kiwanja: ni cha nani, kimepimwa, hati iko kwa jina la nani. Ndugu zetu walioko Marekani nao waulize hivyo hivyo. Waulize pia nyumba itaandikishwa kama mali ya namna gani, mkataba wa kiwanja ni wa muda gani, na kodi inaweza kupanda kwa kiasi gani. Asiyejibiwa maswali hayo kwa maandishi na aondoke. Rahisi ya leo huenda ikawa ghali ya miaka 20.

Pili, kwa viongozi na watumishi wa ardhi. Mwananchi anayezungushwa ofisini miaka mitatu akitafuta hati ya kiwanja kimoja anaandaliwa kuwa mawindo. Kila faili linalolala kabatini ni nyumba iliyokaa hewani. Upimaji na utoaji wa hati ni kazi ya ukombozi, wala si hisani ya afisa, na anayeichelewesha ili apewe chochote anafanya kazi ya kabaila bila kuwa na shamba la kabaila.

Tatu, kwa sote. Vyama vya ushirika wa nyumba tulikuwa navyo na tukavidharau. Wakazi wa mtaa usiopimwa wakiungana kulipia upimaji wao, wakasimama kwa sauti moja mbele ya halmashauri, watapata kwa mwaka kile ambacho mmoja mmoja hangekipata kwa miaka kumi. Ikiwa watu wa Meredith waliweza katikati ya ubepari, sisi ambao ushirika ni sehemu ya siasa yetu tuna udhuru gani?

Nyumba ni mahali ambapo mtu hawezi kuambiwa aondoke kwa sababu tu mwingine ametamani faida zaidi. Isipokuwa hivyo, hata ikiwa na vyumba sita na maji ya moto, ni tela linalongoja kuvutwa. Ardhi tuliikomboa kwa gharama kubwa ili pasiwe na Mtanzania wa kuishi hivyo. Wajibu wetu sasa ni kuifikisha kwa kila mmoja, kwa hati, na kuilinda isirudi kwa wachache.